Bisibisi, Mita na Flashi: Majibu kwa Madai Kuhusu Vifaa vya Kompyuta

Mtu anayetaka kuunda kompyuta yake mwenyewe, au kuifufua ile ya mtumba aliyoinunua Kariakoo au Luthuli Avenue, hupewa ushauri wa namna mbili. Kuna wanaomwambia asiguse skrubu hata moja mpaka awe na sanduku zima la vifaa na cheti cha ufundi. Wengine humwambia kisu cha jikoni na dawa ya meno vinatosha. Njia zote mbili humfikisha palepale: analipia mazabodi mpya wakati kilichokufa ni betri ndogo ya saa.

Mimi nashikilia kwamba kuifungua kompyuta ni kazi nyepesi na kujua kilichoharibika ndiyo kazi nzito. Mwenye pesa kidogo ya vifaa aitumie kwanza kwenye vile vinavyompa majibu. Nitayapitia madai ninayoyasikia mara nyingi, na yale yanayowagharimu watu zaidi nitakaa nayo muda mrefu zaidi.

"Bila seti kubwa ya vifaa, usianze"

Fungua kompyuta ya mezani ya kawaida uone ni vipande vingapi vya ile seti ya vipande mia moja vitatoka ndani ya kasha lake. Skrubu za kasha, za pawa saplai, za mazabodi na za hadi diski ya inchi 3.5 karibu zote zina kichwa cha nyota cha saizi moja, PH2. Skrubu ndogo inayoshikilia SSD ya M.2, pamoja na nyingi za laptopu, zinataka PH1 au PH0. Kompyuta za ofisini za HP zinazoingia nchini kama mtumba mara nyingi zina skrubu za Torx T15, lakini nyingi kati ya hizo zimechongwa pia mfereji unaopokea bisibisi bapa. Dell OptiPlex nyingi zinafunguka kwa kuvuta komeo tu, bila bisibisi yoyote.

Pesa ya seti iende kwenye ubora wa bisibisi mbili au tatu. Kichwa cha nyota kilienezwa na Henry F. Phillips wa Marekani katika miaka ya 1930, na General Motors walikitumia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1936. Kuta za nyota hiyo zina mteremko, kwa hiyo nguvu ikizidi ncha inapanda na kutoka nje. Ncha ya chuma laini ikiteleza mara mbili tatu inakula kichwa cha skrubu, na baada ya hapo mtu anaanza kutafuta drili. Hasara kama hizo hutokea hata pale mwenye kazi alipokuwa na bisibisi ya saizi sahihi, kwa sababu tu ilikuwa ya chuma kibovu.

Jambo ambalo seti kubwa haikufundishi ni kwamba ndani ya kompyuta kuna skrubu za meno ya aina mbili zinazokaribiana kwa sura. Za 6-32 zina meno mapana, nazo hukaa kwenye kasha, pawa saplai na diski ya inchi 3.5. Za M3 zina meno laini, nazo hukaa kwenye SSD ya inchi 2.5 na kiendeshi cha DVD. Ukiilazimisha ya meno mapana kwenye tundu la SSD, tundu limeharibika moja kwa moja. Kwa hiyo trei tupu la mayai, lenye kila shimo lililoandikwa skrubu zilikotoka, ni kifaa halali kabisa cha kazi hii. Kamera ya simu nayo ni kifaa: piga picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa, hasa zile nyembamba za swichi ya kuwashia.

Na hesabu vile vinguzo vya shaba vinavyobeba mazabodi. Kimoja kikibaki mahali ambapo mazabodi hiyo haina tundu, kinagusa mgongo wake na kuleta shoti. Kompyuta inakataa kuwaka, na mtu anarudi dukani akiamini ameuziwa mbovu.

"Bisibisi yenye sumaku inafuta data"

Dai hili ni urithi wa enzi za disketi. Disketi iliweza kuharibiwa na sumaku. SSD, ramu na flashi huhifadhi data kwa chaji za umeme, na sumaku ya bisibisi haina la kuzifanya. Hata hadi diski ya kizamani inayozunguka ina sumaku za neodimiamu ndani yake, sentimita chache tu kutoka kwenye sahani zenye data, na hizo zina nguvu kuliko ncha yoyote ya bisibisi utakayoinunua. Nunua bisibisi yenye sumaku bila wasiwasi. Hatari halisi ni ile isiyokuwa na sumaku, kwa maana inadondosha skrubu katikati ya mazabodi.

"Umeme tuli ni hadithi tu" na "Bila mkanda wa mkononi utaiua ramu"

Madai haya mawili yanapingana, na kila moja limebeba nusu ya ukweli. Mwili hauhisi cheche mpaka ifike takriban volti 3,000, wakati baadhi ya vijenzi vya elektroniki hudhurika kwa mia chache au chini ya hapo. Anayesema "nimefanya kazi miaka yote na sijaona kitu" anasema kweli kuhusu alichokiona, lakini cheche inayodhuru si lazima ionekane. Tena kijenzi si lazima kife siku ileile. Kinaweza kudhoofika na kuanza kusumbua baadaye, wakati hakuna anayekumbuka siku ya kukigusa.

Ukubwa wa hatari unategemea mahali ulipo. Vipimo vinavyotajwa sana katika fani hii vinasema kutembea juu ya zulia kunaweza kukusanya hadi volti 35,000 hewa ikiwa kavu sana, na kushuka hadi 1,500 hivi unyevu ukizidi asilimia 65. Aliye Tanga, Mombasa au Unguja anafanya kazi kwenye hewa inayomsaidia karibu mwaka mzima. Aliye Dodoma wakati wa kiangazi hana msaada huo, wala hana aliyejifungia kwenye ofisi yenye kiyoyozi na zulia la nailoni, hata kama ofisi hiyo iko Dar es Salaam.

Mkanda wa mkononi ni mzuri na wa bei ndogo. Ndani yake kuna ukinzani wa megaomu 1 unaomlinda aliyeuvaa endapo atagusa umeme mkali. Ila hakikisha una waya. Mikanda "isiyo na waya" haina njia ya kuondoa chaji, ni pambo tu. Ukiukosa mkanda, fanya kazi juu ya meza ya mbao, vaa pamba, usisimame juu ya zulia, na uguse chuma cha kasha kisichopakwa rangi kila unapotaka kushika kijenzi.

Wengi hushauriwa waiache pawa saplai ikiwa imechomekwa ukutani na swichi yake ikiwa imezimwa, ili kasha liunganike na ardhi. Ushauri huo unafaa pale tu soketi ina ethi ya kweli. Nyumba nyingi zina soketi za pini tatu ambazo ile ya juu haikuunganishwa na kitu chochote nyuma ya ukuta. Mwite fundi umeme aipime mara moja. Ukishapata jibu litakufaa kwa mengi zaidi ya kompyuta. Kabla ya hapo, chomoa waya kabisa.

"Ekstensheni yenye taa nyekundu inalinda kompyuta"

Taa nyekundu inasema umeme upo, basi. Ekstensheni ya kawaida inagawa umeme kama ulivyofika. Kinga ya kweli dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo ina vijenzi maalumu ndani, na maelezo yake huandikwa kwa jouli. Nayo hufanya kazi vizuri zaidi soketi ikiwa na ethi. Mwenye uwezo anunue UPS. Umeme ukikatika diski inapata muda wa kumaliza kuandika, na hilo peke yake linaokoa mafaili mengi.

"Dawa ya meno inafanya kazi ya pesti ya prosesa"

Kwa siku za mwanzo inafanya, na hapo ndipo inapowadanganya watu. Pesti inajaza mianya midogo isiyoonekana kati ya prosesa na bamba la kupoozea, kwani hewa inayokaa humo ni mpitishaji mbaya wa joto. Chochote chenye majimaji kitaiondoa hewa hiyo. Lakini dawa ya meno ina maji, na prosesa inayofanya kazi kwenye nyuzi 70 inayakausha. Kinachobaki ni unga mgumu wenye nyufa, na hewa imerudi mahali pake. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100, kwa hiyo mwenye kompyuta hataona moshi wala kusikia harufu. Ataona mashine nzito, atalaumu Windows, na atainunulia ramu isiyohitajika.

Bomba dogo la pesti halisi linatosha mashine kadhaa. Weka tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, funga skrubu za bamba kwa kupishanisha pembe, na uache shinikizo liitandaze. Ya zamani ifutwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya duka la dawa si mbadala wa kuaminika, kwa sababu baadhi zimetiwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo yanabaki juu ya chuma.

Wenye prosesa za AMD za AM4 wasilivute bamba juu kwa nguvu. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti iliyokauka inaweza kuing'oa nzima kutoka kwenye soketi na kuzipinda. Washa kompyuta dakika chache pesti ilainike, izime, ichomoe, kisha zungusha bamba taratibu kulia na kushoto kabla ya kulinyanyua.

"Peleka kwa fundi pancha aipulize"

Kompresa ya pancha ina nguvu, na ndani ya tangi lake kuna maji yaliyotokana na mvuke wa hewani, mara nyingi yakiwa yamechanganyika na oili. Vyote hivyo vinatua juu ya mazabodi. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani nayo ina shida yake: vumbi linalopita kwa kasi kwenye bomba la plastiki linajenga umeme tuli pembeni kabisa ya vijenzi.

Brashi ya rangi ya inchi moja yenye manyoya laini, pamoja na bloa ndogo ya umeme au kopo la hewa, inatosha. Zuia feni kwa kidole au kijiti usije ukaizungusha kupita kasi yake na kuchosha beringi. Kwenye vumbi jekundu la bara, kazi hii ifanywe mara kwa mara kuliko vitabu vya Ulaya vinavyoshauri. Pwani vumbi ni dogo, ila chumvi ya hewani inashika kwenye miguu ya ramu na ya kadi.

Kuhusu miguu hiyo kuna desturi ya kuisugua ramu kwa raba ya mwanafunzi. Huwa inaonekana kufanikiwa, na mara nyingi mafanikio yametokana na kuitoa ramu na kuirudisha vizuri kwenye nafasi yake. Raba ngumu inakwangua utando mwembamba sana wa dhahabu uliowekwa kuzuia kutu, na makombo yake yanaingia kwenye tundu. Kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi kidogo kinasafisha bila kukwangua.

"Mita ni ya mafundi redio, testa inatosha"

Dai hili ndilo linalokula pesa za watu kuliko yote. Testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini, inajibu swali moja tu la soketi: umeme upo au haupo. Ndani ya kompyuta haina jibu lolote, maana volti 12 haziwezi kuiwasha taa yake. Multimita ya dijitali, hata ile ndogo ya njano ya aina ya DT830 inayouzwa kila mahali, inasoma volti za DC kwa usahihi unaotosha kutenganisha kijenzi kizima na kibovu.

Angalia kisa kinachojirudia sana. Kompyuta ya mtumba inawaka vizuri, lakini kila asubuhi saa yake imerudi miaka ya nyuma. Tovuti zinagoma kufunguka kwa kuwa vyeti vya usalama vinasomeka kama havijaanza kutumika. Siku nyingine inasimama kwenye skrini nyeusi ikitaka ubonyeze F1. Mwenye mashine ataambiwa ina virusi, au mazabodi imechoka. Chomoa waya wa umeme, toa ile betri bapa iliyo juu ya mazabodi, ipime. Inaitwa CR2032, na namba hizo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ikiwa nzima itasoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikisoma 2.5, uchunguzi umekwisha, na dawa inauzwa kwenye duka la saa.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Kompyuta inajizima kila unapofungua kazi kubwa. Kiwango cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995, kwa miaka mingi kimeruhusu volti kuu za pawa saplai zipishane na thamani yake kwa asilimia 5 tu. Waya wa njano basi usome kati ya 11.4 na 12.6, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Weka mita kwenye DC 20. Ncha nyeusi ishike waya mweusi wa plagi ya Molex isiyotumika, ile kubwa ya pini nne, na ncha nyekundu ishike wa njano. Washa mashine, ipe kazi nzito, uangalie namba. Ikishuka hadi 11.2 prosesa inapohangaika, umeshapata mgonjwa wako, na hakuna sababu ya kununua mazabodi.

Wengi hutegemea jaribio la klipu: wanachomoa plagi ya pini 24, wanaunganisha waya wa kijani ulio kwenye pini ya 16 na mweusi wowote, na feni ikizunguka wanatangaza kuwa pawa saplai ni nzima. Jaribio hilo linathibitisha kwamba imeamka. Kama inaweza kubeba mzigo ni swali jingine, na wengi wamebadilisha vijenzi vizima kwa sababu ya kulisahau. Tena baadhi ya kompyuta za ofisini za Dell, HP na Lenovo zina plagi zao wenyewe, na hesabu hii ya rangi na pini haiwahusu.

Mita ina hatari yake pia. Ncha nyekundu isikae kwenye tundu la 10A wakati unapima volti, kwa sababu hapo unaunganisha shoti, na katika mita nyingi za bei nafuu tundu hilo halina fyuzi. Soketi za ukutani usizipime kwa mita hizo ndogo.

Kando ya mita weka ile spika ndogo ya mlio inayochomekwa kwenye pini nne za mazabodi. Kompyuta ikiwaka bila picha, idadi na urefu wa milio inakuambia kama tatizo liko kwenye ramu au kwenye kadi ya picha. Maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo pakua kitabu cha mazabodi yako mapema, kabla mashine haijagoma.

"Programu si kifaa"

Kuna hitilafu ambazo bisibisi wala mita haiwezi kuzigusa. Flashi moja yenye Ventoy inabeba mifumo kadhaa ya kuwashia kompyuta kwa pamoja. Weka MemTest86+, ambayo tangu toleo la 6 la mwaka 2022 inafanya kazi pia kwenye mashine mpya za UEFI, na uiache ipime ramu usiku kucha. Kosa hata moja ni jibu. Ukiwa na ramu mbili, toa moja, pima, badilisha, na yenye makosa itajitaja.

Kwa diski, CrystalDiskInfo kwenye Windows au smartctl kwenye Linux itakusomea kumbukumbu ambayo diski inajiandikia yenyewe. Kwenye hadi diski tazama mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu zilizohamishwa, zinazosubiri kuhamishwa, na zisizosomeka. Namba zikipanda wiki hadi wiki, acha kila kitu unakili mafaili. Ninaandika hili nikiwafikiria wanafunzi wenye tasnifu nzima kwenye diski moja ya mtumba. Kipimo hiki hakiwagharimu hata shilingi, na ni wachache mno waliowahi kuambiwa kwamba kipo.

"Ukijitengenezea, unamnyang'anya fundi riziki"

Kazi ya fundi iko palepale. Ndani ya pawa saplai, umeme wa volti 230 ukigeuzwa DC unafika takriban volti 325, na kwenye nyingi za kisasa karibu 400. Kapasita kubwa inaweza kuishikilia chaji hiyo hata baada ya kuchomoa waya. Asiyefundishwa asifungue boksi hilo kwa kifaa chochote. Kubadilisha chipu iliyoungwa kwenye mazabodi kunataka mashine ya hewa moto, darubini na mkono uliozoea, na anayeijua kazi hiyo anastahili malipo mazuri.

Anachopunguziwa fundi ni kubahatisha. Mpelekee mashine pamoja na karatasi yenye vipimo: betri ya mazabodi 3.05, volti 12 inashuka hadi 11.2 kwenye mzigo, ramu imepita MemTest86+ bila kosa, diski ina sifuri kwenye C5. Fundi mzuri ataisoma na kuanza kazi palepale, na yule mwenye mazoea ya kuuza mazabodi atajua kwamba umeshapima.